Kilicho Nyuma ya Kinu

Mwenye kinu mmoja alifilisika kidogo kidogo mpaka akabaki na vitu viwili tu: kinu chake cha kusagia nafaka na mtufaha mkubwa uliosimama nyuma ya kinu hicho. Siku moja, akiwa msituni anatafuta kuni, akatokewa na mzee asiyemjua. Ya nini kujitesa na shoka, mzee akamuuliza. Mimi nitakutajirisha, mradi uniahidi kilicho nyuma ya kinu chako. Mwenye kinu akawaza: nyuma ya kinu kuna nini zaidi ya ule mtufaha? Wakaandikishana. Mzee akacheka kwa dharau, akasema atakuja kuchukua chake baada ya miaka mitatu, akaenda zake.

Nyumbani mke alimpokea kwa swali. Masanduku yote yamejaa ghafla, na hakuna aliyeonekana akileta kitu. Mali hii imetoka wapi? Mume akaeleza, akaongeza kwamba mti mmoja kwa utajiri wote huu si bei kubwa. Mke akaingiwa na hofu palepale. Yule mzee ni Shetani, akasema, na hakuutaka mtufaha. Saa ile mlipokuwa mkiandikishana, binti yetu alikuwa nyuma ya kinu, anafagia uwanja.

Kisa hiki ni cha 31 katika mkusanyo wa ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, ambao juzuu yake ya kwanza ilichapishwa Berlin mwaka 1812. Kinajulikana kama kisa cha msichana asiye na mikono, na walio wengi hukikumbuka kwa ukatili wake. Mimi hukirudia kwa ajili ya ule uwanja unaofagiliwa. Shetani hakusema uongo hata mara moja. Alitaja mahali, akaacha mwenzake ajaze kitu. Na mwenye kinu alijaza kwa haraka ya mtu mwenye njaa, akachagua jibu lililomfaa.

Wakili angeipangua karatasi ile kabla chai haijapoa. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inataka wanaokubaliana wawe wamekubaliana juu ya kitu kilekile kwa maana ileile, na hapa mmoja alikuwa na mti akilini, mwingine alikuwa na binti. Lakini ngano hazina mahakama ya rufaa. Zina kitu kingine ambacho sheria huchelewa kukiona: zinatuonyesha nani hakuwepo.

Mke hakuwepo. Angekuwepo, mkataba ungekufa msituni, maana aliifumbua hila katika sentensi moja. Hakuhitaji elimu ya sheria wala ya mashetani. Alijua tu binti yake yuko wapi saa ile na anafanya nini. Nimeona watu wakikereka pale benki inapodai ridhaa ya mwenza kabla ya nyumba kuwekwa rehani. Mke anaitwa, anaketishwa pembeni, anaonyeshwa kwa ncha ya kalamu mahali pa kutia saini, na hakuna anayemwuliza kama ameelewa deni ni la nini. Mume anatazama saa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mmoja wa wanandoa kuuza, kugawa au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya 1999 ikalikazia hilo kwa upande wa rehani. Ukiisoma na kisa cha kinu kichwani, fomu ile inaacha kuwa usumbufu. Ni kiti cha mke wa mwenye kinu, hata kama mara nyingi hukalishwa hapo baada ya mazungumzo kwisha.

Kisa kinaendelea mahali pagumu. Miaka mitatu inatimia. Binti ananawa, anajizungushia duara la chaki, na Shetani hawezi kumkaribia kwa sababu ni msafi. Shetani anaamuru maji yaondolewe. Binti analilia mikono yake mpaka inatakata. Basi mkate mikono, Shetani anamwambia baba, au nikuchukue wewe. Baba anamwomba mwanawe msamaha, kisha anakata. Binti analilia vigutu, navyo vinatakata, na mdai anaondoka mikono mitupu. Ndipo baba anapotoa ahadi: nimepata mali nyingi kwa sababu yako, nitakutunza kwa fahari maisha yako yote. Yaani aliyetia saini anamtolea fidia aliyelipa deni, kwa fedha za mkataba uleule. Binti anakataa. Anaomba afungiwe mikono yake mgongoni, anatoka nyumbani kwao alfajiri, anakwenda.

Tangu hapo, kila ngano yenye mapatano naisoma kwa swali moja: anayelipa alikuwa wapi wakati wa kuandikishana?

Kisa cha 55, Rumpelstilzchen, kina mwenye kinu mwingine na binti mwingine. Ndugu Grimm hawakuwa na bahati na baba wa aina hiyo. Huyu anajigamba mbele ya mfalme kwamba binti yake husokota mabua yakawa dhahabu. Mfalme anamfungia binti katika chumba kilichojaa mabua, anamwachia gurudumu la kusokotea, na kumwambia kwamba asubuhi itakuwa dhahabu au kifo. Ndipo kijitu kinapoingia. Usiku wa kwanza kinafanya kazi kwa mkufu, usiku wa pili kwa pete. Usiku wa tatu binti hana tena cha kuvua, na kijitu kinaomba mtoto wa kwanza atakayemzaa akiwa malkia. Binti anawaza kwamba ya mbele hayajulikani, anakubali.

Tumezoea kumchukia yule kijitu. Lakini hesabu ya haki inaonyesha kwamba katika kisa kizima ni yeye pekee aliyetimiza alichoahidi, tena mara tatu, na kabla ya mapambazuko. Baba alitoa ahadi juu ya mikono isiyo yake. Mfalme alitisha, akachukua dhahabu yote, akapata na mke, na hadaiwi hata senti. Hajui hata kwamba mwanawe amewekwa rehani kabla hajatungwa mimba. Sheria inasema ridhaa iliyotolewa kwa vitisho si ridhaa, sawa. Ila aliyetisha ni mmoja na aliyekopesha ni mwingine. Kijitu kilimkuta mtu taabuni, kikataja bei. Wanaokopesha kwa masharti ya kunyonga husema hivyohivyo: si mimi niliyemuuguza mtoto wako, si mimi niliyekuletea notisi ya kodi ya pango, mimi nimekuja na pesa.

Mitaani Tanzania mikopo ya namna hiyo ina jina lake, kausha damu, na aliyelibuni hakuwa na haja ya kamusi. Iko ya mkononi, inayoacha nyumba bila friji wala televisheni, na iko ya kwenye simu. Hii ya pili ndiyo inayonirudisha kwenye swali langu. Mkopaji anabofya Nakubali, na mahali fulani katika yale masharti ameruhusu programu isome namba zote alizohifadhi. Siku ikipita, ujumbe unamfikia mjomba, unamfikia bosi, unamfikia mama wa kikoba: fulani ni mdaiwa sugu, mwambieni alipe. Mjomba hakukopa, hakubofya, hakuulizwa. Alikuwa nyuma ya kinu.

Turudi kwa malkia. Kijitu kinapokuja kudai, anakitolea hazina zote za ufalme. Kinakataa, kwa kuwa kitu chenye uhai kinakipendeza kuliko mali yoyote. Lakini machozi yanakilainisha, kinampa siku tatu: ukilijua jina langu, mtoto ni wako. Hapa kuna somo la majadiliano ambalo vitabu vya biashara hulipita. Kijitu kilikuwa na haki yake kamili mkononi, kikaibadilisha kwa mchezo kilichoamini hakiwezi kushindwa, kisha kikaenda kuzunguka moto kikiimba jina lake. Katika chapa ya 1812 anayelileta jina ni mfalme mwenyewe, anarudi mawindoni na kusimulia kichekesho alichokiona, bila kujua ameshika nini. Chapa za baadaye zilimpa kazi hiyo mjumbe, na naona zilipoteza kitu. Aliyesababisha deni lote anauleta ufunguo nyumbani kama porojo ya chakula cha jioni! Na kijitu cha 1812 kiliondoka tu kwa hasira. Baadaye ndipo kilipoandikiwa kujichana vipande viwili, kana kwamba mdai aliyefanya kazi yake alistahili adhabu zaidi.

Hamelin tupite haraka, maana kila mtu anaujua mji ule. Mpiga zumari aliwaondoa panya mwaka 1284, wazee wa mji wakamnyima ujira waliomwahidi. Alikosea palepale wanapokosea vibarua wengi: alimaliza kazi kwanza, na panya waliokwisha kufa hawamtishi mtu. Ndiyo maana fundi ujenzi mwerevu hagusi rangi kabla hajalipwa ya plasta. Ila tazama deni lilivyokusanywa. Mpiga zumari alirudi tarehe 26 Juni, watu wazima wakiwa kanisani, akaondoka na watoto 130. Waliovunja ahadi walibaki na viti vyao vya baraza.

Tanzania nayo ina karatasi yake ya nyuma ya kinu, na si ngano. Tarehe 29 Novemba 1884, huko Msowero katika nchi ya Usagara, leo wilaya ya Kilosa, mtawala aitwaye Mangungo alitia alama yake kwenye karatasi ya Carl Peters, mjumbe wa chama cha ukoloni cha Kijerumani. Karatasi iliandikwa kwa Kijerumani. Ilisema Mangungo anatoa nchi yake pamoja na haki zake zote kwa matumizi ya pekee ya ukoloni wa Wajerumani. Upande wa pili wa mizani palikuwa na zawadi na maneno ya ulinzi na urafiki. Katika wiki chache Peters alikusanya karatasi za namna hiyo Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, na tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm wa Kwanza akazitolea hati ya ulinzi. Wakati huo ngano za ndugu Grimm zilikuwa zimeshatoka chapa baada ya chapa na kuingia katika nyumba za Wajerumani. Mtoto wa huko aliweza kukua akijua vizuri nani katika hadithi huja na mkataba usioeleweka na kucheka wakati wa kuondoka.

Kwetu jina la Mangungo limegeuka tusi. Kila mjadala mkali wa madini au bandari ukiibuka, hakosi mtu wa kusimama na kusema tusirudie ya Mangungo. Nadhani tunamwonea. Yule mwenye kinu wa Grimm aliambiwa masharti kwa lugha yake mwenyewe, na bado akauza asichokijua. Mangungo aliwekewa mbele karatasi ya lugha ya kigeni, akasomewa walichotaka asikie. Na hata kama angeielewa neno kwa neno, nchi haikuwa mtufaha wake. Waliolipa ni watu ambao Novemba ile hawakuwepo Msowero, wengine hawajazaliwa: waliotozwa kodi ya nyumba, waliolimishwa pamba kwa lazima, waliokufa katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 huko kusini, mbali na alama ile ya kalamu. Kosa la Mangungo ni dogo kuliko tunavyolikuza, na la mfumo uliokubali alama ya mtu mmoja kuwa saini ya vizazi ni kubwa kuliko tunavyolitaja.

Mwaka 2017 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kuliruhusu kupitia mikataba ya maliasili na kutaka masharti hasi yajadiliwe upya. Waliopenda waliiita ukombozi, wawekezaji waliona sakafu inatikisika chini yao. Hizo ndizo siku tatu za malkia, zikiwa zimeandikwa kisheria. Malkia, kumbuka, hakushinda kwa kulia tu. Alituma watu nchi nzima wakatafute majina. Nchi inayodai kujadili upya bila kujua gharama za mgodi, bei ya soko na jina halisi la mmiliki wa kampuni, ina machozi bila mjumbe.

Nilidhani swali langu linatosha mpaka niliposoma tena kisa cha nguva mdogo cha Hans Christian Andersen, kilichotoka Copenhagen mwaka 1837. Mchawi wa baharini ndiye mfanyabiashara mkweli kuliko wote. Anasema kila kitu. Utapata miguu, lakini kila hatua itakuwa kama unakanyaga visu. Hutarudi kwa dada zako. Mwana wa mfalme akimwoa mwingine, asubuhi ya pili moyo wako utapasuka na utakuwa povu. Na malipo yangu ni sauti yako, nitakata ulimi. Nguva anauliza atabakiwa na nini. Anajibiwa: umbo lako, mwendo wako, macho yako. Anakubali. Hakuna aliyefichwa, hakuna baba, hakuna mtoto wa baadaye. Mlipaji amesimama palepale.

Na bado sioni mkataba mbaya kuliko huo. Bei aliyoitoa ni kifaa chenyewe cha kudai. Alimwokoa mwana wa mfalme asizame, mwana wa mfalme anaamini ameokolewa na mwingine, na nguva yuko mbele yake, miguuni pake, hawezi kusema ni mimi. Kuambiwa hatari zote hakumpi nguvu mtu anayenyang'anywa mdomo wakati huohuo. Kuna mikataba ya ajira ya namna hiyo, yenye kila kifungu peupe, na kimojawapo kinasema mfanyakazi hataruhusiwa kueleza kilichompata.

Ila Andersen ana zaidi. Usiku wa mwisho dada zake nguva wanaibuka vichwa vikiwa vipara. Wamekwenda kujadili upya: wametoa nywele zao, wamepewa kisu. Mchome mwana wa mfalme kabla jua halijachomoza, damu yake ikidondokea miguu yako utarudi kuwa nguva. Mapatano haya ya pili yana sura tuliyokwisha kuizoea. Mlipaji amelala, hajui lolote, hakuitwa. Nguva anaingia hemani, anamtazama bwana harusi na bibi harusi, anatazama kisu, anakitupa baharini. Katika ngano zote nilizozitaja, ndiye mdaiwa pekee aliyepewa nafasi ya kumsukumia deni asiyekuwepo, akakataa. Watu hubishana kama alikuwa mjinga wa mapenzi. Kuhusu mkataba wa kwanza, sina utetezi. Kuhusu kisu, ningependa kumwona mtu wa aina yake kwenye bodi ya shirika lolote la umma.

Upande wetu wa bahari ninaye ninayemheshimu kwa sababu tofauti kabisa. Katika ngano za Kiswahili ambazo Askofu Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapisha mwaka 1870 kuna kima aliyefanya urafiki na papa. Kima yuko juu ya mkuyu ulioegemea maji, anamtupia papa matunda, kila siku. Papa anamwalika kwao kulipa fadhila, anampakia mgongoni. Katikati ya safari anamwambia: sultani wetu ni mgonjwa sana, na dawa yake ni moyo wa kima. Kisa chenyewe kina jamaa yake wa zamani kule India, katika Panchatantra, ambako mwenye kubeba ni mamba. Kilivuka bahari na kubadili mnyama. Nayo Sheria ya Mikataba ya Tanzania ilifinyangwa kwa kuiga ile ya India ya 1872, kwa hiyo kwa mambo ya mapatano tumekula sana kwa jirani huyo.

Hapa kima ni bidhaa. Mapatano ni kati ya papa na sultani, na mlipaji hakuitwa. Tofauti ni kwamba papa alimwambia. Alisema kwa sababu maji yalikuwa pande zote na aliona biashara imekwisha, na huo ndio upenyo pekee ambao binti wa mwenye kinu, watoto wa Hamelin na mtoto wa malkia hawakuupata. Kima hakusema hapana. Hakulia, hakukumbusha matunda yote aliyoyatupa. Alisikitika kwamba papa hakumwambia mapema. Sisi kima tukitembea, alisema, mioyo yetu tunaiacha juu ya miti, turudi nikautwae. Papa akageuka mwenyewe.

Juu ya mkuyu kima akakaa kimya. Papa akaita kutoka chini, twende basi. Kima akamwuliza kama anamdhani yeye ni punda wa dobi, na papa asipoelewa, akamsimulia. Sungura alitumwa na simba kumletea nyama, akaenda kumposa punda kwa niaba ya simba. Punda akavaa tabasamu, akaja, simba akamrukia, wakapigana, punda akakimbia na majeraha yake. Baada ya siku kadhaa sungura akarudi na maneno matamu zaidi, kwamba yale ndiyo mapenzi ya simba. Punda akaja tena, na mara hii hakutoka. Simba akamwambia sungura achome nyama, yeye ataka moyo na masikio tu. Sungura, dalali wa shughuli yote, akaenda kuchoma mahali asipoonekana, akala moyo, akala na masikio. Simba alipodai chake, sungura akajibu kwamba yule hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, angerudi mara ya pili? Simba akaona ni kweli.